Mota ya Hatua Ikigoma Kuzunguka, Ipime Kabla ya Kuitupa

Ndugu zangu wa mwambao, leo naomba nafasi nizungumze jambo linalowapotezea watu wetu pesa na wakati, hasa wenye mashine za kudarizi, printa na mashine za kuchonga mbao. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila riziki imenileta bara. Banda langu la ufundi liko Kiganjo, hii Kiganjo ya Thika katika kaunti ya Kiambu, si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Thika ni mji wa viwanda, na fundi akikaa hapa hakosi mashine ya kutazama. Lakini mashine nyingine hunijia kutoka nyumbani kwa basi la usiku, zimefungwa kwa gunia na kamba, na juu yake karatasi ya maneno mawili matatu: "Mota imekufa. Fundi kasema ibadilishwe."

Aghlabu mota huwa haijafa.

Tatizo ni kwamba hukumu hiyo ikishatolewa, mwenye mashine huanza kuhangaika. Hutafuta mota mpya, akaikosa Mombasa, ikaagizwa kutoka ng'ambo, akangoja wiki. Ikifika na kufungwa, nayo haizunguki. Kama ni mwanamke anayedarizi kanzu na kofia, na Idd imekaribia, hizo wiki ndizo zilizokuwa za kumpa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Ndiyo maana naandika. Nataka msomaji, hata asiyekuwa fundi, ajue mota hii inafanya kazi vipi, na ajue maswali ya kumuuliza fundi kabla hajatoa hata shilingi.

MOTA YA HATUA NI KITU GANI

Mota ya pangaboi ukiipa umeme huzunguka tu mpaka uuzime. Mota ya hatua, ambayo mafundi huiita stepa, haiko hivyo. Hiyo huenda hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi. Aina inayotumika sana hupiga hatua 200 kumaliza mzunguko mmoja, yaani kila hatua ni nyuzi 1.8. Kwa hivyo mashine ikitaka kusogeza fremu ya kitambaa milimita kadhaa, huhesabu hatua tu, na sindano inashuka pale pale ilipotakiwa.

Ndani yake mna sumaku yenye meno katikati, na kuizunguka mna koili za waya wa shaba. Mota ya kawaida yenye waya nne ina koili mbili, kila koili na waya zake mbili. Umeme hupelekwa koili hii kisha ile, kwa zamu na kwa kugeuzwa upande, na ile sumaku hufuata. Haina brashi za kaboni zinazolika kama za mota ya drili. Kinachoweza kufa ndani yake ni kidogo mno: waya wa koili kukatika, koili kuungua, au beringi kuchakaa. Vyote vitatu hupimika kwa dakika tano.

Lakini mota hii haiwezi kujiendesha yenyewe. Inahitaji kibao cha kuigawia umeme kwa zamu, ambacho mafundi hukiita draiva. Draiva nayo hupokea amri kutoka kwa kompyuta ya mashine, na hupata nguvu kutoka powa saplai. Kwa hivyo mota isipozunguka washukiwa ni wengi: powa saplai, draiva, waya za amri, programu, waya za mota, mzigo unaosukumwa, na mwisho kabisa mota yenyewe. Fundi anayeanza na mota ameanza mwisho wa foleni.

TAZAMA KWANZA INAFANYA NINI

Kabla hujashika bisibisi, washa mashine na uangalie mota inafanya nini. Kuna hali tatu, na kila hali ina njia yake.

Hali ya kwanza: mota iko kimya, na ukiushika mhimili wake kwa vidole unazunguka kwa wepesi kana kwamba mashine imezimwa. Hapo umeme haufiki kwenye koili. Ya pili: mota iko kimya lakini mhimili umekaza, huwezi kuuzungusha kwa vidole. Hapo umeme unafika, ila amri ya kupiga hatua haiji. Ya tatu: mota inanguruma au inatetemeka mahali pamoja, inakwenda mbele kidogo na kurudi nyuma. Hapo umeme unafika na amri zinafika, lakini kuna kitu hakiendi sawa baina yao.

Ukijua hali moja katika hizi tatu umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu.

IKIWA KIMYA NA MHIMILI NI MWEPESI

Anza na powa saplai. Ipime kwa mita mashine ikiwa imewashwa. Ikiwa imeandikwa volti 12 au 24, mita ionyeshe hivyo au karibu na hapo. Usitosheke na kuona taa imewaka, kwa sababu taa huwaka hata kwa umeme mdogo. Tazama fyuzi. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na fyuzi ndiyo hutangulia kuumia.

Kisha tazama draiva. Kwenye vibao vidogo vya A4988 na DRV8825, vinavyotumika katika mashine nyingi za bei nafuu, kuna mguu ulioandikwa EN. Mguu huo hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: ukipata volti, draiva huzima, ukishushwa hadi sifuri, draiva huwaka. Kuna pia miguu miwili, RST na SLP. Kwenye A4988 mguu wa RST ukiachwa unaning'inia bila kuunganishwa, draiva inaweza kulala tu. Dawa yake ni kuunganisha RST na SLP kwa kipande kimoja cha waya. Nimeona mota mbili zikinunuliwa kwa sababu ya kipande hicho kimoja.

Jambo jingine ni kima cha chini cha umeme. A4988 inahitaji volti 8 hadi 35 upande wa mota. Ukiipa volti 5 kwa kuogopa kuiunguza, haitaamka.

IKIWA IMEKAZA LAKINI HAIENDI

Mhimili ukikaza ni habari njema, kwa sababu koili zinapata umeme. Kinachokosekana ni amri. Tazama waya wa amri ya hatua unaotoka kwenye kompyuta ya mashine kwenda kwenye draiva. Mara nyingi waya huo umechomoka, au umepata kutu pale unapoingia.

Kosa linalowashinda wengi hapa ni waya wa ardhi, ule wa sifuri. Kompyuta ya mashine na draiva zikiwa na powa saplai mbili tofauti, lazima sifuri zao ziunganishwe. Zisipounganishwa, kompyuta inasema na draiva haisikii.

Kisha kuna hesabu. Draiva nyingi hugawa kila hatua moja katika vipande vidogo ili mota iende laini. Ikiwa imepangwa kugawa hatua mara 16, mzunguko mmoja unahitaji amri 3200 badala ya 200. Anayejaribu kwa kutuma amri 200 ataona mhimili umesogea nyuzi 22 na nusu tu, aseme hauzunguki. Kumbe unazunguka, ila macho hayakuona. Bandika kipande cha tepu kwenye mhimili kama bendera, utaona ukweli.

Na wakati mwingine mashine inangoja tu. Mashine nyingi zina swichi ndogo za kikomo pembeni mwa fremu. Swichi ikikwama kwa vumbi au uzi, kompyuta hudhani fremu imeshafika mwisho na hukataa kuisukuma. Bonyeza swichi kwa kidole. Ikilia "tik" na kurudi, ni nzima. Isiporudi, mchawi umempata.

IKIWA INANGURUMA NA KUTETEMEKA

Hii ndiyo hali inayowatisha watu zaidi, na ndiyo inayoipa mota jina la kufa. Sababu zake kubwa ni nne.

Ya kwanza ni waya kuunganishwa vibaya. Nimesema koili ni mbili, na kila moja ina waya zake mbili. Ukichanganya, waya mmoja wa koili hii na mmoja wa koili ile, mota haina la kufanya ila kutetemeka. Na usitegemee rangi! Kiwanda hiki hutumia nyekundu na buluu kwa koili moja, kiwanda kile hutumia nyekundu na kijani. Pima.

Ya pili ni waya mmoja kukatika. Mota yenye koili moja tu inayofanya kazi haijui izunguke upande gani, basi hubaki inatetemeka. Kwenye mashine ya kudarizi, kebo hupinda na kukunjuka kila fremu inaposogea, maelfu ya mara kwa siku. Shaba ya ndani hukatika huku ganda la nje likiwa zima, kwa hivyo jicho halioni. Iweke mita kwenye waya huku ukiipinda kebo polepole, na namba itaruka pale ilipokatika.

Ya tatu ni mwendo. Mota ya hatua haipendi kuamshwa kwa kasi. Kwetu tunasema polepole ndio mwendo, na hapa msemo huo ni ufundi mtupu. Ukiiambia ianze papo hapo kwa hatua 1000 kwa sekunde, yaani mizunguko 5 kila sekunde, sumaku ya ndani haiwahi kufuata. Itanguruma tu. Anza na hatua 100 kwa sekunde kisha ongeza kidogo kidogo. Programu nzuri hufanya hivyo yenyewe. Kumbuka pia kwamba nguvu ya mota hii hupungua kadiri kasi inavyopanda, tofauti na wengi wanavyodhani.

Ya nne ni mzigo au umeme mdogo. Toa mkanda, uache mhimili uwe huru, kisha jaribu. Mota ikizunguka vizuri bila mkanda, iache mota na utazame reli, beringi na pulia. Huenda mafuta yameganda au uzi umejisokota. Pia hakikisha skrubu ya pulia imekaza, maana kuna mota inayozunguka vizuri kabisa ndani ya pulia isiyozunguka.

Kama mzigo ni wa kawaida, tazama umeme uliopangwa kwenye draiva. Kuna kiskrubu kidogo cha kurekebisha. Kwenye A4988 yenye vizuizi vilivyoandikwa R100, volti 0.8 kwenye kiskrubu hicho ni sawa na ampea 1. Ikiwa vimeandikwa R050, volti 0.4 ndiyo ampea 1. Kwenye DRV8825, volti 0.5 ndiyo ampea 1. Tofauti hizi ni muhimu, kwa sababu fundi akihamisha namba ya kibao kimoja kwenda kingine, mota itakosa nguvu au itachemka. Na ukipima hapo, shika kwa uangalifu, bisibisi ikiteleza kibao kimekwenda.

SASA IPIME MOTA YENYEWE

Ukishayapitia hayo yote na mota bado imegoma, hapo ndipo zamu ya mota inapofika. Zima umeme. Nasema zima, kwa sababu kuchomoa waya za mota wakati draiva ina umeme huweza kuiua draiva papo hapo. Wengi waliokuja na shida moja wameondoka na mbili kwa njia hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mita. Zungusha mhimili kwa vidole, mota ikiwa imechomolewa. Kisha gusanisha waya mbili na uzungushe tena. Ukihisi mhimili umekuwa mzito wenye mikwaruzo, waya hizo mbili ni za koili moja, na koili hiyo ni nzima. Ukibaki mwepesi, jaribu waya nyingine. Mtoto wa shule anaweza kufanya kipimo hiki.

Kipimo cha pili ni cha mita, kwenye sehemu ya omu. Baina ya waya mbili za koili moja utapata namba ndogo, kwa mota nyingi ni omu chache tu. Koili zote mbili zilingane. Baina ya koili na koili kusiwe na njia kabisa. Baina ya koili na mwili wa mota pia kusiwe na njia. Koili moja ikionyesha hakuna njia, imekatika. Moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, imeungua ndani. Ikigusana na mwili, imekwisha. Ni hapo tu unapoweza kusema mota imekufa, na mimi nitakuunga mkono.

Ukiona waya sita, usishangae. Koili ni mbili vilevile, ila kila moja ina waya wa katikati. Baina ya ncha na ncha, omu ni mara mbili ya zile za ncha na katikati.

Kuna pia ile mota ndogo ya volti 5 yenye waya tano, 28BYJ-48, ambayo wanafunzi huinunua pamoja na kibao cha ULN2003. Hiyo ina gia ndani, na huchukua hatua 2048 hivi kwa mzunguko mmoja, kwa hivyo ni ya mwendo wa kobe. Watoto wakiitumia na Arduino hulalamika kwamba inatetemeka tu. Katika programu ya kawaida ya Arduino, dawa ni kupanga waya kwa mfuatano wa 1, 3, 2, 4 badala ya 1, 2, 3, 4. Wala usiipe kasi kubwa, mizunguko 10 kwa dakika inatosha.

MAMBO MAWILI YANAYOSEMWA SIYO

La kwanza: "Mota imeandikwa volti 2.8, ukiipa 12 itaungua." Ni kweli ukiiunganisha moja kwa moja. Lakini draiva za siku hizi hudhibiti ampea. Mota ya volti 2.8 na ampea 1.7 hufanya kazi vizuri kwa powa saplai ya volti 12 au 24, mradi draiva imepangwa isipitishe ampea hizo.

La pili: "Mota ni moto sana, basi imeharibika." Mota ya hatua hula umeme hata ikiwa imesimama, kwa sababu inashikilia mahali pake. Kupata moto ni kawaida yake. Ikianza kunuka au kuyeyusha plastiki iliyo karibu, hapo punguza ampea.

Na naongeza moja la kukanya: usiifungue mota kuitazama ndani. Sumaku ikitolewa mahali pake inaweza kupungua nguvu, na ukiirudisha haitakuwa ile ya mwanzo.

CHUMVI YA BAHARI

Mashine za kwetu zina ugonjwa ambao za huku bara hazina. Nikifungua mashine ya Thika naona vumbi jekundu. Nikifungua ya Mombasa, Lamu au Malindi naona ukungu wa kijani kwenye viungo vya shaba. Hewa ya chumvi na unyevu hula miguu ya soketi, umeme ukapita nusunusu, na mota ikaanza kutetemeka leo na kesho ikanyamaza.

Mwaka jana mama mmoja wa Mji wa Kale alinitumia mashine yake ya kudarizi na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nishauziwa mota mbili na hii haijambo." Mota zote tatu, ile ya zamani na mbili mpya, zilikuwa nzima. Soketi ya draiva ilikuwa imeoza mguu mmoja. Nilikata, nikatia solda soketi mpya, ikazunguka. Nikampigia: "Mama, mota mbili umezipata bure, ziweke." Alicheka, lakini pesa zilikuwa zimeshatoka, na oda za kanzu zilikuwa zimeshakwenda kwa mtu mwingine.

Kinga ni rahisi. Funika mashine kwa kitambaa usiku, iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, na kila miezi michache chomoa soketi, mashine ikiwa imezimwa, uzisafishe kwa spiriti na brashi laini ya meno.

MOTA KUUKUU NI MALI

Mota za hatua zimejaa kwenye printa na skana zinazotupwa. Mwaka 2013 kijana wa Togo, Kodjo Afate Gnikou, aliunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia sehemu kubwa ya taka za elektroniki, na dunia ikamtazama. Hapa Kenya na Tanzania pia wako vijana waliofanya kazi ya namna hiyo. Sisi huku mwambao tunazichoma pamoja na takataka.

Na vyuo tunavyo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilipata hadhi hiyo mwaka 2013, lakini mizizi yake ni MIOME, chuo kilichojengwa ili vijana wa Kiislamu wa pwani na visiwani wapate ufundi. Hakuna sababu mashine ya kudarizi ya Mji wa Kale ipande basi mpaka Kiganjo kwa ajili ya soketi moja. Mimi napata riziki kwa safari hizo, lakini ningefurahi zipungue. Kijana mwenye mita ya bei nafuu, chuma cha solda na subira anaweza kufungua kibanda Majengo, Kisauni au Likoni, akawahudumia mama zake palepale.

Mpaka hapo, mwenye mashine ajilinde kwa maswali matatu. Fundi akikwambia mota imekufa, mwulize: Koili zake zimesoma omu ngapi, zote mbili? Umeijaribu ikiwa huru bila mkanda? Umeijaribu kwa draiva nyingine? Fundi wa kweli hatakasirika, atachukua mita akuonyeshe. Asiyeweza kukuonyesha hajapima, na pesa yako ibaki mfukoni mpaka apime.